Adui Amevaa Koti

...na tena huyu adui kavaa vizuri kuliko staringi, hilo hata asiyejua kusoma analiona, koti refu la kijivu linaburura vumbi, kitambaa cha kuficha macho kimefungwa kisogoni, mdomo umepinda upande mmoja kama wa mtu aliyebana neno anasubiri wasikilizaji wajae, wakati huyo staringi mwenyewe, Binti Ngurumo, kavalishwa kaptula ya kubana na misuli kama viazi ndani ya soksi, anaruka kutoka mlima Matogoro ngumi mbele, hana hata neno moja la maana la kusema, kila picha ni "Acha mara moja!" na "Nimefika!", umefika ndiyo, tumekuona, sasa sema kitu, mwenzio anaongea picha nne mfululizo na watu wote kwenye picha wamemgeukia... "Bibi, inamisha kichwa," anasema Careen, magoti yake yamenibana mabega huku na huku, yeye juu ya kigoda mimi chini kwenye mkeka, nusu ya kichwa imesukwa nusu bado, nikisimama sasa hivi nitafanana na kuku aliyenyeshewa upande mmoja, na kitabu chake nimekilaza mapajani, karatasi alizochora mwenyewe kwa kalamu nyeusi, miezi mitatu, kila akitoka kwenye kazi yake ya steshenari, na Jumatatu anakwenda kuzitoa nakala zisambae, anasema shule zote za Songea zitasoma, nami nimeinamisha kichwa ndiyo, lakini macho hayajainama, macho yako kwenye hicho kidoti juu ya mdomo wa adui, upande wa kushoto, kidoti ambacho mimi ninacho tangu tumboni kwa mama yangu na katika mtaa wetu wote wa Mshangano sijaona mwingine nacho... "We mke mwenzangu," nikamwambia, maana mjukuu wa kike ni mke mwenzangu, tunagombea babu yake hata kama amekwisha kufa, "huyu mzee mwenye koti umemwona wapi?" Kitana kikasimama. "Ni wa kubuni, Bibi." Wa kubuni! Na kidoti nacho cha kubuni? "Wote wana vidoti," akasema, mwongo mkubwa, katuni nzima kidoti ni kimoja, lakini sikukasirika, ninasema kweli sikukasirika, nilifurahi, nani mwingine hapa mtaani amechorwa, mwenyekiti wa jumuiya hajachorwa, mwalimu wa kwaya na suti zake na mambo yake yale ninayoyajua hajachorwa, nimechorwa mimi Anjelika, niliyeishia darasa la nne kwa masista, ukurasa wa nane nimeuzidi urefu mnara wa kanisa, kwa sababu huyo adui kila siri anayoisikia inamwongezea kimo, jamani, huyu mtoto ana akili, ndivyo hasa ilivyo, ukisikia jambo la mtu unajiona kabisa umerefuka, na akiisema hiyo siri bati la nyumba ya mwenye siri linang'oka lote, pwaa, watu wanachungulia ndani, huyu analala na viatu, huyu amemficha nyama mgeni, nimecheka mpaka Careen akanivuta masikio, "Tulia, njia itapinda", na ipinde, nani ataiona chini ya kitambaa... Mimi hizi hadithi za watu wanaoruka nazijua, Careen amenisomea nyingi kwenye simu yake, za kizungu, ananitafsiria, na tangu mwanzo nimemwambia adui ndiye mwenye kazi, adui anaamka mapema, ana mpango, ana sababu, staringi yeye anasubiri tu lifanyike kosa apate kuruka, wakishapigana wanavunja soko zima, kisha staringi anaondoka zake angani na watu wanashangilia, hakuna siku nimeona amerudi na ufagio, na wote wawili wamefunika nyuso, nikamuuliza Careen mbona mwema naye anajificha, akasema ili awalinde watu wake, na adui je, akasema ili asijulikane, nikacheka, kitambaa ni kilekile, kinategemea nani anasimulia... na kila adui alikuwa na kidonda, hilo limenipendeza zaidi, alichekwa utotoni, aliunguzwa, aliibiwa, hakuna aliyezaliwa anapenda tu kuvunja, basi huyu wa Careen kidonda chake kiko wapi, nimetafuta kurasa zote, hakuna, kachora koti halafu kidonda akasahau, hiyo ni dosari nitamwambia... "Ukurasa wa kumi umefika?" anauliza, sauti yake imekuwa ndogo, nami nikalamba kidole nikafungua, na hapo kucheka kukaisha kidogo, siyo sana, kidogo, maana ukurasa wa kumi kuna msiba, turubai, masufuria, wanawake wameketi chini, na mimi, yaani adui, ninaingia na koti la marehemu... Sawa, nililivaa. Nani hakuniona nimelivaa, koti la Hironimus, mume wa Lidwina, la kijivu, la kanisani, Hironimus Mbena wa Njombe na sisi Wangoni watani wao, na mtani msibani ana kazi yake, bila sisi watu wangelia mpaka wakauke, tunavaa nguo za marehemu, tunatembea kama yeye, tunakohoa kama yeye, tunamdai viazi vyetu, wao wanatuita wezi wa ng'ombe, wafiwa wanacheka katikati ya machozi na hakuna anayemshtaki mtani kwa neno alilosema mbele ya maiti, hata kwa diwani, hata kwa padri, iko hivyo tangu mababu walipochoka kupigana, na mimi ndiye mtani bora Mshangano, wananifuata kwa bodaboda kutoka mitaa mingine, hilo halina ubishi. Nikaingia, fimbo mkononi, mguu wa kulia nauvuta alivyokuwa anauvuta, watu chali kwa kicheko kabla sijafungua mdomo, Lidwina mwenyewe ameketi ukutani macho yamevimba, akaniona, akaanza kutabasamu, rafiki yangu huyo, miaka thelathini na nne kinu chetu kimoja, na nikamwambia kwa sauti ya Hironimus, ile ya puani, "Lidwina mke wangu, usilie ukamaliza machozi yote, mwachie kidogo na mwenzako wa Mpitimbi, na mtoto wetu kule ana paji langu hilihili"... walicheka! mpaka turubai likatikisika, Lidwina naye alicheka, nakumbuka meno yake, alicheka akajifuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akageuka kumtazama shemeji yake ili wacheke pamoja, mdogo wa marehemu, na shemeji hakucheka, shemeji alikuwa anatazama vidole vya miguu yake... Careen amechora hilo. Aliliona wapi, alikuwa anagawa wali siku ile, sinia kichwani, lakini ameliona, amechora shemeji anatazama vidole, na picha inayofuata ni bati la nyumba ya Lidwina linapaa, misumari inaruka kama nzige, na yeye chini ameketi palepale ukutani, nyumba haina paa, watu wote wanachungulia kutoka juu... "Bibi, nimekuumiza?" "Wapi?" "Umeshtuka." "Mafuta yako ya baridi," nikasema, "suka." Anasuka. Alikuja mara moja tu Lidwina tangu siku ile, kurudisha ungo, akasimama nje ya michongoma akapiga hodi, hodi mara tatu kama karani wa sensa, mwanamke aliyekuwa anaingia jikoni kwangu na kufunua sufuria kabla hajanisalimu, nikamwambia pita, akasema ana haraka, ungo akauweka chini kwenye majani, na Jumamosi tukifagia kanisa yeye anaanzia madhabahuni mimi naanzia mlangoni, tukikaribia katikati anakumbuka maji, anakwenda kuchota maji. Miezi saba. Na mimi nimekuwa nasema, nimeisema kwa kila mtu, huyu Lidwina hajui utani, huyu naye, Mbena gani anayenuna, ningekuwa mimi ningesubiri msiba wa Wangoni nije nilipe, ndiyo sheria, na watu wanakubali, hakuna hata mmoja aliyesema Anjelika umekosa, hata mwenyekiti alisema ni mila... haya, geuza ukurasa, tuone Binti Ngurumo anafanya nini, na ndipo nikaona alivyo hodari mtoto huyu, Mungu amlinde, staringi anamrukia adui, ngumi ya kwanza, adui anasema "Natania!" na ngumi inapita katikati ya koti kama kwenye moshi, ngumi ya pili, "Natania!", inapita, kurasa tatu nzima anapigwa na hapatikani, neno moja tu linamkinga, Binti Ngurumo anahema jasho linamtoka, anavunja kisima cha watu, anavunja ukuta wa shule, adui anacheka mikono kiunoni, nami ningecheka naye, mwaka jana ningecheka... Ila nilijiuliza hapo, sijui kwa nini hapo, mtani wa kweli husema nini, husema uongo, ndiyo kazi, nimemwambia marehemu mmoja kwamba alikuwa mchawi wa mbu, mwingine kwamba alikufa kwa kuficha mahindi mabichi, uongo mkubwa usioingia mlangoni, kila mtu anajua ni uongo, ndiyo maana wanacheka bila kumtazama shemeji. Na lile la Mpitimbi lilikuwa uongo? Daimu muuza samaki ndiye aliyenipa, baiskeli yake imeegemea pale pale kwenye uzio wa michongoma, miaka miwili kabla ya msiba, kwamba mzee Hironimus ana mtoto kule, darasa la sita, paji la uso kama limekatwa kwa panga lilelile, na mimi nililinyamazia, niamini usiamini, mimi Anjelika nililinyamazia miaka miwili, lilinikaa kooni kama mfupa wa dagaa, nikimwona Lidwina anapiga pasi lile koti la kijivu Jumamosi jioni nageukia ukutani, nilinyamaza kwa kumpenda, kisha siku ile ya msiba wakaanza kumsifu, katekista akasimama, mtu wa Mungu, mume wa mfano, hajawahi kulala nje, na nikamkumbuka wangu, babu yake Careen, aliyezikwa wamesimama watu kumi na wanane na mvua, mlevi, aliyesifiwa kwa kuwa hakuwahi kupiga mtu, basi, ndiyo sifa yake yote, na huyu wanamfanya mtakatifu na mimi ninayo siri yake mdomoni... ndiyo, kidonda ni hicho, Careen hakukichora kwa sababu hakijui, kumbe hakusahau, sikuwahi kumwambia mtu. Na sasa nimekipata wala hakinisaidii kitu, huo ndio ujinga wa vidonda vya maadui, unakipata, unamwonea huruma, halafu unainua macho na bati la mwenzie bado liko angani. Nililijua lile neno. Sikuteleza. Nilipokuwa naingiza mkono kwenye koti nilikuwa tayari nimelipanga, nimelionja, nimechagua hata sauti, na nilichagua siku ambayo hakuna atakayenigusa. "Umefika mwisho?" Careen anauliza. Nimefika. Ukurasa wa mwisho hauna ngumi, Binti Ngurumo hayupo hata kwenye picha, nadhani amechoka, kuna mama mfiwa ndani ya nyumba isiyo na paa, amenyanyua uso, na mbele yake adui na koti lake, amerudi kimo cha mtu wa kawaida, na kutoka mdomoni kwake limechorwa duara la maneno, jeupe, tupu. "Hapo nimekwama, Bibi, wiki ya pili hii," anasema, vidole vyake bado vinatembea kichwani kwangu, polepole, "nilitaka afe, nikaona hapana. Nikataka atubu alie, nikaona haliendani naye, huyu halii. Anasema nini?" Na mimi sijawahi kukosa neno, muulize yeyote, nikaanza kuyapima moja moja, natania, hapana hilo limeshatumika na limechakaa, samahani mwenzangu, hilo hata kondakta analisema akikukanyaga, mumeo alikuwa mtu kama watu, nyamaza wewe nani amekuuliza, mila zetu... nikamtazama yule mama wa kwenye karatasi, Careen amempa macho ya Lidwina hasa, yanasubiri, hayana hasira hata, hiyo ndiyo mbaya, yanasubiri tu kuambiwa kama alichekwa na mtu asiyejua au na mtu aliyejua. "Nipe kalamu," nikasema. "Bibi, ni wino, haufutiki." "Nipe." Akanipa kwa juu ya bega, sijaandika kitu tangu kadi ya kupigia kura, nikaandika kwa herufi kubwa za masista, N, I, L, I, zikagusa ukingo wa duara, J, U, A, zikaenea. Careen akainama kusoma, pumzi yake shingoni kwangu. Kesho baada ya misa ya kwanza Lidwina hutoka kwa mlango wa pembeni, peke yake, nitakuwa nimesimama pale na gauni langu na kichwa changu kilichosukwa vizuri, sitamwita kwa sauti ya mtu mwingine, atakachojibu atajibu, hicho hakichorwi kabla hajakisema, na akinipita akaenda zake nitajua hilo nalo ni jibu. "Lakini Bibi," akasema Careen, "akishasema hivyo ngumi zitampata." "Zimpate," nikasema, "ana mifupa huyo, suka."