Jicho la Bingwa

Mume wangu, bingwa wa ngumi uzito wa juu kwa miaka sita enzi zake, alikaa kitandani na bukta asubuhi ile, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, akikariri herufi kama mtoto wa chekechea. Jicho la kushoto limekufa tangu pambano lake la mwisho. La kulia linaona cha karibu tu. Daktari wa macho alishaniambia ngumi moja nzito italimaliza na hilo.

Herufi zililetwa na meneja wake. Alisema ubao wa kupimia macho wa daktari wa chama cha ngumi haujawahi kubadilishwa, huku akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, kisha akaifutia njiti kwenye kochi langu. Ananiita shemeji. Shemeji wa wapi? Miaka ishirini anakula jasho la mume wangu, mwenyewe hajaonja hata kofi. Na mume wangu anamchekea! Walinitia kinyaa wote wawili.

Nikaongozana nao kwa daktari bila kubisha, maana nilikuwa na langu moyoni. Mume wangu akikosea herufi, leseni ya kurudi ulingoni hapati, na tutazeeka tukionana. Nilimwomba Mungu akosee.

Chumba kilinuka rangi mbichi. Kuta zilikuwa zimepakwa jana yake, na ubao wa herufi uliegemezwa nyuma ya mlango. Mahali pake ulibaki msumari. Daktari, macho kwenye simu, akamwambia kwa mazoea azibe jicho moja asome.

Mume wangu akajitutumua, akausomea ukuta mtupu herufi zote, mstari kwa mstari, mpaka zile ndogo za chini. Akaziba jicho la pili, akarudia. Daktari akainua uso, akauona msumari, akamtazama meneja. Meneja akajikuna shingo. Daktari akasaini.



"Daktari, pale ukutani hakuna kitu," nilisema.

Aliyegeuka ni mume wangu.

"Hakuna nini?"

"Ubao umeshushwa, baba watoto. Umesoma ukuta."

Akainamisha uso. Nilidhani aibu imemshika, nikaanza kumhurumia.

"Ameshasaini?" aliuliza.

"Ameshasaini."

"Sasa wewe unataka nini?" alisema, akampa daktari mkono.