Gari la Maharusi wa Karmuz

Kila alasiri, mtaa wa Karmuz ulipofunga madirisha na kujinyoosha, Bi Hikmat alikwenda kulala ndani ya gari. Kitanda alikuwa nacho, tena kizuri, ila kitandani aliota vitunguu na majirani. Ndani ya gari aliota kumbi za vioo, tausi wakitembea bustanini, na mtu asiyeonekana uso akimletea sharubati ya waridi.

Lilikuwa gari refu lenye pua ya mtu anayejisikia, viti vya mahameli iliyopauka, na mlangoni kichupa cha kutilia ua. Mumewe, marehemu Fundi Bahgat, alilileta likikokotwa na punda wawili, na alipoulizwa limetoka wapi alijibu, tena kila siku jibu jipya. Leo lilikuwa la balozi, kesho la mwimbaji aliyemkimbia mumewe, keshokutwa la binti wa mfalme. Nembo ilikwisha ng'olewa. Injini ilikuwa ya lori. Rangi ilipakwa juu ya rangi hata milango ikanenepa. Wazee wa Iskandaria waliojua magari waliapa hawajapata kuona jingine kama hilo, kisha wakagombana lilitengenezwa nchi gani.

Katika majibu hayo, Bi Hikmat alimchagua binti wa mfalme. Tangu awe mjane, yeye ndiye aliyewabeba maharusi wa Karmuz, kofia ya marehemu kichwani, upepo wa bahari ukipita dirisha hadi dirisha. Wakifika barabara ya ufukweni humgeukia bibi harusi na kumwambia akae vizuri, hapo alipokaa alikaa binti wa mfalme. Na mabinti wa wauza samaki na washona viatu waliamini, na kwa mwendo ule mmoja nuru iliwabadilika usoni.

Sasa shemeji yake, Shawqi, alikuwa mtu asiyeweza kuwa na jambo zuri bila kulitangaza. Akaenda kulitangaza kwenye makumbusho. Jumatano alasiri akaja bwana mmoja mwembamba, jina lake Nagati, akaeleza kwa upole kwamba gari likithibitika ni la ikulu, basi ni mali ya taifa, na litakwenda kukaa ukumbini nyuma ya kamba. Lisipothibitika, libaki lilipo.

Kuthibitisha kwenyewe kulikuwa rahisi. Enzi za mfalme, gari jekundu lilikuwa la ikulu tu, raia hakuthubutu. Bwana Nagati akatoa kiwembe, akaanza kukwangua ubavuni mwa mlango, mtaa mzima umemzunguka. Ukatoka weupe, ukatoka weusi, ikatoka rangi ya kijani cha pistashio. Chini kabisa, wekundu.

Shawqi alianza kubusu watu. Bi Hikmat akakaa kwenye ngazi ya gari.

Lakini Bwana Nagati alikuna kidevu. Wekundu huu, alisema, huenda ukawa wa ikulu, huenda ukawa ile rangi ya kuzuia kutu ambayo mafundi huipaka kwanza kwenye kila bati. Hata gari la mjomba wake lilikuwa nayo. Hapo hakuna la kufanya ila kumuuliza mwenye gari, na neno lake ndilo litakaloandikwa.

"Bi Hikmat, marehemu alikwambia lilikuwa la nani?"

Katika umati alisimama Nagwan, binti wa mpiga pasi, harusi yake kesho, hina bado mbichi viganjani. Alikuwa akimtazama Bi Hikmat machoni. Bi Hikmat akisema ikulu, gari linaondoka. Akikana, analiua gari kwa kinywa chake mwenyewe, na bibi harusi anasikia.

"La muuza jibini," alisema. "Wa Damanhur."

"Shemeji, si wewe uliyekuwa ukisema..."

"Mimi nasema mengi, Shawqi. Hata wewe niliwahi kusema una akili."

Watu walicheka. Bwana Nagati hakucheka. Alikuwa akikitazama kichupa cha mlangoni.

"Muuza jibini na maua?"

"Wewe ungekaa na harufu ile hivi hivi, bwana?"

Bwana Nagati alitoa kalamu. Kisha akaandika jibini, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Umati ukatawanyika, Shawqi akiwa wa mwisho, ananung'unika. Nagwan hakuondoka. Bi Hikmat alijishughulisha kufuta vumbi la rangi.

"Mwanangu, ukitaka teksi sitanuna."

Nagwan alifungua mlango kwa kiwiko asiharibu hina, akaingia, akaegemea.

"Huyo muuza jibini," aliuliza, "alikuwa na binti?"

Bi Hikmat akaacha kufuta. Akaja akaketi kwenye usukani, akafumba macho, akangoja.

"Alikuwa naye," alisema polepole, kama mtu anayemwona kwa mbali. "Na maringo yake, ungedhani Damanhur yote ni ya baba yake."