Mikamelia Imehama

Jumatatu asubuhi, mshona sare alifungua mlango wa chumba chake cha kupanga amwage maji ya kudekia, akaikuta mikamelia yake sita, miti yake ya maua, imesimama uani. Ilikuwa imevuka daraja na barabara kuu, mizizi bado ina udongo, majani yana vumbi kidogo.

"Karibuni," alisema kwa uchovu, akaisogeza kivulini. Kamelia haipendi jua kali.

Aliilea miaka kumi na mmoja, tangu ikiwa vipandikizi vya urefu wa kidole, kwenye nyumba waliyojenga na mumewe. Mume alipofariki, mdogo wa marehemu alihamia pale kwa muda. Muda ukawa mrefu, kufuli likabadilishwa, na hati ya nyumba ikaonekana ina jina la shemeji huyo.

Mama mwenye nyumba alipita, akaitazama. "Sina neno nayo, ila isizibe kamba ya nguo."

Saa nne shemeji akaja na mkokoteni. "Shemeji, mti ni mali ya kiwanja." Akaibeba yote. Alhamisi ikarudi, safari hii na vitumba. Akaibeba tena. Ikarudi tena.

Wiki ya tatu wakaenda kwa afisa wa mtaa. Mikamelia miwili iliwafuata, ikajibanza kwenye benchi karibu na mshona sare.

"Mama, hili hata kipofu analiona," afisa alisema. "Miti inamjua mwenyewe. Lakini miti haitii saini. Hati yako iko wapi?"

"Niliiacha kabatini. Kabati liko kwake."

Shemeji alikuwa anatazama dari.

Afisa akaamua: miti ibaki kiwanjani, na ili isizurure barabarani na kusumbua magari, mama aende kuitunza kila Jumamosi. Mshona sare akaomba basi iandikwe kwamba nyumba waliijenga yeye na mumewe. Karani akaigeuza fomu mbele na nyuma, akasema haina nafasi hiyo. Miguu ilikuwa inamuuma mshona sare. Akatia saini.

Jumamosi aliingia kwa geti la nyuma. Mikamelia ilikuwa imetulia mahali pake, imechanua. Mke wa shemeji akatoka barazani, mtu mpole, hana baya.

"Bomba liko kule nyuma ya stoo, dada," alimwelekeza.

Mtaro wa bomba lile mshona sare aliuchimba mwenyewe, siku mbili, kwa jembe la kuazima.

"Asante," alisema, akachukua ndoo.