Antena Iliyogeukia Kiwanda

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, saa nne kasorobo asubuhi, moshi wa dawa ulijaa chumba cha kuoshea ngozi, na mke wangu akakimbilia mlango wa nyuma. Hakutoka. Wenzake watano nao hawakutoka. Tulipopewa maiti, viganja vyake vilikuwa vimechubuka vyote viwili, na mtu hachubuki viganja kwa kupita mlango ulio wazi.

Wakubwa wa kiwanda walisema mlango ulikuwa wazi. Wakubwa wa serikali wakaja na magari yao meupe, wakanywa chai na Meneja, wakasema na wao mlango ulikuwa wazi. Wakaandika kwamba wanawake walichanganyikiwa kwa hofu wakapotea njia. Mke wangu apotee njia! Mtu aliyefanya kazi mle miaka kumi na mmoja, ungemfunga kitambaa usoni angekutolea nje na kukurudisha. Lakini ndiyo hivyo, mnyonge hana haki, na karatasi inaandikwa na mwenye kalamu.

Mimi ni mchomeleaji. Shule niliishia darasa la nne. Kwa miezi tisa nilikuwa na wazo moja tu kichwani: nimchomelee Meneja geti lake akiwa ndani. Vijiti vitatu vya kuchomelea vingetosha. Nilimweleza shemeji, kaka wa marehemu, naye akaendelea kufuta lenzi ya kamera yake kama sijasema kitu.

"Halafu?"

"Halafu na yeye aonje."

"Halafu wakufunge wewe, na ule mlango ubaki ulivyo. Unadhani wameubadilisha, shemeji? Mtu akishasema mlango uko wazi, ataufungua wa nini?"

Neno hilo lilinikaa kama mfupa kooni. Kumbe dada zetu wengine walikuwa bado wanaingia mle kila asubuhi.

Shemeji ni mpiga picha za harusi. Ana kindege cha povu gumu jeupe, mabawa yake yanazidi mikono yangu nikiinyoosha, kinaendeshwa kwa rimoti na kina kamera puani. Yeye anavaa miwani mikubwa kama ya mtu wa kuchomelea, anaona kila kinachoonwa na ndege. Ua wa nyuma wa kiwanda umezungushiwa ukuta mrefu, hakuna anayechungulia. Ndege ingechungulia.

"Ila tukiwapelekea picha za jana," alisema, "watasema ni za mwaka juzi. Waione ikiwa mbichi, mbele ya watu, Meneja akiwa amekaa palepale."

Na mahali palikuwepo. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameitisha mkutano Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi, Meneja asome ripoti. Kiwanda kilitaka projekta na kitambaa cheupe, wakamkodi fundi wa bei rahisi. Wakamwangukia shemeji. Hawakujua kwamba ni kaka wa marehemu. Wangejuaje? Tangu tuzike hawakuwahi kuuliza hata jina la ukoo.

Tatizo lilikuwa umbali. Kutoka ukumbini hadi kiwandani ni kilomita mbili na nusu, na katikati yamejaa maghala. Antena ya kawaida ya kupokea picha ingeleta chenga kabla ndege haijafika nusu ya njia. Tulihitaji ile bapa, inayoona mbali lakini upande mmoja tu, kama tochi. Sasa tochi ni lazima mtu aishike na kuifuata ndege. Shemeji angekuwa nje na rimoti, mimi ndani na maneno yangu, na mtu wa tatu sikumtaka. Mtu wa tatu ana mdomo.

Basi shemeji akaunda sanduku lenye mota mbili. Moja inazungusha antena kushoto na kulia, nyingine inaiinua na kuiinamisha. Ndege inatuma habari iko wapi, sanduku linapiga hesabu na kugeuza antena lenyewe. Linahitaji kujua mambo mawili tu kabla ya kuruka: limesimama wapi, na kaskazini ni wapi. La pili linaulizwa kwenye dira iliyo ndani yake.

"Wewe nitengenezee kiguu cha kulisimamishia," akaniambia. "Kisitikisike."

Nikamtengenezea kiguu! Miguu mitatu ya bomba la inchi mbili, nikaifunga kwa nondo, nikaipiga msasa na rangi. Tembo angeegemea. Jumapili tukakipeleka uwanjani kujaribu. Ndege ikaruka vizuri, ikaelekea maghala. Antena ikazunguka taratibu, kwa heshima zote, ikatazama choo cha shule.

Skrini ikawa chenga tupu.

"Shemeji, geuza! Geuza kwa mkono!" alipiga kelele, kipofu ndani ya miwani yake. Nikaishika antena, nayo ikanisukuma irudi chooni. Bahati ndege ilikuwa imefundishwa kurudi yenyewe ikipotelewa na rimoti. Akazima rimoti, ikarudi na kutua kwa pua.

"Mashine yako mbovu," nikamwambia.

"Mashine yangu?" Alivua miwani, akaangalia kiguu changu kwa mara ya kwanza kwa makini. "Bwana mkubwa, dira umeikalisha juu ya kilo arobaini za chuma. Tena chuma kilichopitiwa na umeme wa kuchomelea, kikawa sumaku. Itajua kaskazini kweli?"

"Chuma hakidanganyi."

"Hiki kimedanganya. Umeijengea kaburi la chuma."

Neno kaburi lilimponyoka. Alitaka kuomba radhi, nikamkatalia kwa mkono. Nilikasirika, si naye. Miaka thelathini nimeamini chuma kuliko watu, na siku ninayokihitaji kinanionyesha choo.

Siku tatu nilishika msumeno wa mbao. Majirani walipita wakicheka: "Mchomeleaji, umeme umekatika?" Nikatengeneza kiguu cha mbao, nikakifunga kwa vigingi na kamba, msumari hata mmoja haukuingia. Shemeji akasema tusikiweke karibu na ukumbi, paa ni bati na zege lina nondo. Tukakisimamisha katikati ya uwanja, hatua arobaini kutoka ukutani, waya tukaupitisha dirishani hadi kwenye projekta. Nikavua saa na mkanda. Alilizungusha sanduku taratibu huku na huku mpaka dira ikatulia, akaandika mahali liliposimama. Nikatembea na ndege mikononi kulizunguka. Antena ikanifuata hatua kwa hatua, kama mbuzi aliyeona majani.

"Sasa inakujua," shemeji akasema.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Meneja alivaa suti ya kijivu, akasoma ripoti kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitabu vya shule. Alipofika penyewe, akainua uso. "Mlango wa nyuma haujawahi kufungwa hata siku moja. Hata leo, ninavyosema, uko wazi."

Nilikuwa nimeomba miezi tisa aseme hivyo mbele ya watu.

Nikasimama. "Mwenyekiti, naomba tuuone."

"Uuone vipi, mzee, na mkutano uko hapa?" Mwenyekiti akauliza.

Nje ya dirisha shemeji, ndege yake tayari hewani, alinisikia akabonyeza swichi; kwenye kitambaa ripoti ikapotea, yakatokea mapaa. Picha ilitikisika, ikasafika. Dirishani niliiona antena ikigeuka kidogo kidogo, kidole kisichochoka. Maghala yakapita chini, halafu ukuta mrefu, halafu ua. Ndege ikazunguka mara moja, ikashuka, ikazunguka tena. Mlango ule pale. Juu yake limelazwa komeo la chuma la rangi ya njano, kwa nje, na mbele yake mapipa ya bluu yamepangwa safu mbili.

Waliokaa nyuma wakasimama waone.

"Hizo ni picha za zamani," Meneja akasema.

Uani akatokea mlinzi wa geti, akainua uso kuitazama ndege, akapunga fimbo. Ukumbi mzima ulimjua. Mwenyekiti akampigia simu, na wote tukamwona kwenye kitambaa akiingiza mkono mfukoni na kupokea.

Meneja alikunja karatasi zake na kuja mlangoni mwa ukumbi. Nilikuwa nimefika kabla yake. Niliegemea mlango kwa mgongo, na jasho lake nililinusa.

"Nipishe."

"Uko wazi, Meneja. Sukuma."

Alisukuma. Sikusogea. Nilitaka asukume mpaka viganja vichubuke, na Mungu anisamehe, utamu wake nausikia mpaka leo.

Ndipo mama mmoja wa safu ya tatu, ambaye binti yake yuko zamu ya asubuhi, akapanda juu ya benchi, kidole chake kwenye kitambaa. Hakuuliza habari za marehemu. Aliuliza mara moja, akauliza mara ya pili, na Meneja akamtazama msaidizi wake, na msaidizi akatazama sakafu:

"Sasa hivi, mle ndani, wamo wangapi?"