Ndiyo ya Gito

Taa nyekundu ya oili iliwaka kabla gari halijafika getini. Wuryanti akazima injini papo hapo, akashuka, akainama. Oili ilikuwa ikichuruzika chini ya injini kwa uzi usiokatika.

"Kuna nini?" mumewe, Pardiman, aliuliza kutoka kiti cha mbele. Aliuliza kwa ufupi; hakuwa na pumzi ya maneno mengi.

"Oili inamwagika."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Saa sita kamili Pardiman alitakiwa awe kwenye mashine ya kusafisha damu, hospitalini Solo, mwendo wa saa moja na robo. Jumamosi alikosa zamu kwa sababu ya homa. Sasa miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vimemkataa, na usiku alilala ameketi. Daktari alishasema: akikosa na leo, maji yatapanda mapafuni.

Gari la kukodi halikupatikana. Turubai la harusi lilikuwa limeziba barabara ya kijiji tangu jana, na njia ya nyuma, juu ya tuta la mashamba ya mpunga, hakuna dereva mgeni aliyekubali kuipita. Gari la kijiji la wagonjwa lilikuwa limekwenda kuwachukua wakwe. Fundi wa njia panda naye alikuwa harusini akibeba sinia za chai. Mwenye shughuli akiita, hakuna anayebaki na kazi yake.

Wuryanti alijua kosa lilipo. Jana Gito, mdogo wake Pardiman, alibadilisha filta ya oili hapo uani. Filta ya zamani ilipotoka tu, kipaza sauti cha harusini kikaita wabeba meza. Wuryanti aliuliza kupitia dirisha la jiko, "Gito, ile pete ya mpira ya zamani imetoka na filta yake?"

"Ndiyo, shemeji!" Akafunga filta mpya, akamimina oili, akatoka mbio. Injini hata hakuiwasha.

Wuryanti akaenda harusini vilevile alivyo, gauni la nyumbani limechafuka kwa oili.

"We Wuryanti!" akaita mwanamke mmoja kutoka kwenye masufuria. "Umekuja kukaanga au umekaangwa?"

"Gito yuko wapi?"

Gito alikuwa ameshika sinia, amevaa batiki mpya. Akatabasamu. "Karibu, shemeji."

"Jana uliiona ile pete ya zamani?"

"Ndiyo, shemeji."

"Gito. Kaka yako hawezi kupumua. Sitaki ndiyo ya adabu. Uliiona kwa macho yako?"

Tabasamu likabaki mdomoni, halina pa kwenda. Wageni walikuwa wanatazama. "Hapana," akasema kwa sauti ndogo. "Niliona aibu kukwambia sijaangalia."

"Weka sinia chini."

Akaiweka. Walipokuwa wakitoka, yeye mwenyewe akasema, "Oili imemwagika nyingi, shemeji. Mwenye jenereta ana dumu zima la oili ya gari." Akaenda kulichukua.

Wakamhamishia Pardiman kwenye kiti cha plastiki, wakanyanyua gari kwa jeki, wakaegemeza magogo. Wuryanti akaingia chini mwenyewe. Filta iliteleza mkononi. Akaizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, akavuta. Ikakataa. Akavuta tena, ikaachia, na oili iliyobaki ikamshukia hadi kwapani.

"Tochi!"

Gito akamulika. Filta mpya ilikuwa na pete yake. Na pale juu, kwenye uso wa injini, ilikuwa imeganda nyingine, nyeusi, bapa. Pete mbili zikipandana, oili hupenya. Wuryanti akaing'oa kwa ukucha, akaitupa miguuni pa Gito.

Akafuta uso ule kwa kitambaa hadi ukang'aa, akaipaka pete mpya oili kwa kidole, akakaza filta kwa mkono tu: igusane, kisha robo tatu ya mzunguko, basi.

Gito akamimina oili, akaangalia kijiti cha kupimia. Akaangalia tena. "Imefika kwenye alama, shemeji. Nimeona kwa macho."

Wakashusha gari. Saa nne na dakika thelathini na nane. Wuryanti akawasha. Taa nyekundu ikawaka, ikakaa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ufunguo. Ikazimika.

"Chini?"

Gito alikuwa amelala kifudifudi na batiki yake mpya. "Pakavu! Subiri... Pakavu kabisa!"

Juu ya tuta la mpunga, tairi za kushoto zikipita ukingoni, Wuryanti alimsikia mumewe akivuta pumzi kama anayenyonya maji kwa mrija ulioziba.

"Unaweza kuvumilia?"

"Ndiyo."

Akamgeukia mara moja tu.

"Hapana," Pardiman akasema.

"Haya." Akakanyaga mafuta.

Saa sita na dakika tatu, muuguzi alikuwa anaanza kukipangusa kiti chake cha kusafishiwa damu kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Wuryanti akakishika kwa mkono wenye oili. "Kina mwenyewe," alisema.