Leso ya Kahonzi

Tangu walipomzika Kahonzi kando ya njia, siku waliyofukuzwa na askari wa serikali kuvuka Mto Sabaki, Karisa hakumtaja mama yake huyo. Mwaka uliofuata, 1915, alimwambia mkewe jambo moja tu juu ya mayo, kama alivyomwita mama huyo.

"Me-Charo, yule mzungu unayemfulia Malindi si alituchora kabla nyumba hazijachomwa? Mwombe picha ya mayo."

Nyevu, mama yake Charo, aliitikia, akajitwika kapu. Akashika njia ya Malindi.

Siku ile ya kuchorwa, mavyaa wake, Kahonzi, alikuwa ameketi mbele ya wote na leso mpya, zawadi ya Karisa kutoka duka la Vallabhdas. Wanawake wengine walivaa hando, zile sketi nyeupe za jadi zenye marinda. Nyevu, kwa kuwa alifua nguo za wazungu, alijiona anajua wapendacho.

"Mayo, ingia ndani," alimwambia mbele za watu. "Hiyo nguo ya dukani itatuharibia picha."

Bi kizee aliinuka, akaingia ndani. Nyevu akamwambia mzungu kwamba mavyaa amechoka.

Sasa, huko Malindi, mzungu yule, memsabu wake, alimtandazia karatasi za penseli sakafuni. Picha ya rangi ilikwisha kwenda Ulaya. Hizi zilikuwa za kujaribia mkono. Katika ya kwanza Kahonzi ameketi. Katika ya pili anainuka, na Nyevu amesimama mbele yake, mkono umenyooka kuelekea mlangoni. Katika ya tatu bi kizee amefutwa. Pamebaki doa kama la masizi, na vidole vya mguu vilivyosahauliwa.

"Mbona ulimfuta, memsabu?"

"Aliondoka. Ndiye niliyemtaka kuliko wote, na leso yake ile. Wewe ulisema amechoka."

Memsabu akamwambia achague yoyote. Alichagua ya kwanza, akaiviringisha haraka, asiitazame ile ya pili.

Karisa aliipokea kwa mikono miwili, akachuchumaa nayo nje ya kibanda. Akaanza kuisoma kwa kidole.

"Tazama ghala, limejaa hadi juu. Hawa ni mbuzi wetu, kabla askari hawajawaswaga. Na huyu hapa ni wewe, Me-Charo, umevimba kama mke wa liwali." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Kidole kikafika kwenye leso, kikafuata maua yake moja moja. Kikatulia.

"Ameivaa vizuri. Basi mbona baada ya siku hiyo hakuivaa tena? Nilidhani hakuipenda. Sikuwahi kumuuliza."

Nyevu alikuwa akipepeta mahindi. Angeweza kusema hajui. Karisa angeamini, na maisha yangeendelea.

"Aliipenda," alisema. "Mimi ndiye niliyemfukuza. Nilimwambia nguo uliyompa itaharibu picha. Watu walisikia wote."

Kidole cha Karisa hakikuondoka kwenye maua. Kuku wakaja kula mahindi ya ungo, wala hakuna aliyewafukuza.

"Huyo mzungu alilichora hilo?"

"Alilichora. Mkono wangu unaonekana."

"Kailete."

"Karisa, baba—"

"Kailete, Nyevu. Ndiyo picha yake ya mwisho."

Nyevu aliweka ungo chini, akachukua kapu lake, akashika tena njia ya Malindi.