Dogo Hapiti Bila Kuamkia

Mzee Tomasi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa Rudewa aliyezoea kuona vitu vigeni vikija na gari na kuondoka na gari, wenyeji wakabaki na vumbi. Kwa hiyo siku wazazi walipokutana kuamua kama darasa la kwanza liendelee na somo la roboti, yeye, mwenyekiti wa kamati ya shule, alifika mapema, akachagua kiti cha mbele kabisa, akanyoosha miguu kana kwamba yuko sebuleni kwake.

Mwalimu Regina alimwona akanywea. Lile sanduku la vipande vya plastiki, magurudumu na mota ndogo alikuwa ameliazima kwa mradi mmoja wa Morogoro, na masharti yalikuwa wazi: wazazi wakikubali, linabaki, wakikataa, linakwenda Mikumi, kwenye shule iliyokwisha kuliomba. Naye alikuwa amelipenda. Zaidi alipenda jinsi watoto walivyokuwa wakikimbilia shule siku za roboti, wa wakulima kwa wa wafugaji, ilhali wazazi wao walikuwa wakisalimiana kwa shingo upande tangu ng'ombe waingie kwenye mahindi.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," Mzee Tomasi alikuwa amemwambia. "Akishinda na mashine, adabu ataitoa wapi? Mashine inaamkia?"

Regina akaazimia kumjibu kwa vitendo. Roboti yenyewe, ambayo watoto waliiita Dogo, haikuzidi mkate kwa ukubwa. Waliijenga wenyewe, kipande kwa kipande, na kuielekeza kwa kupanga vipicha kwenye tableti. Kazi yake siku ya mkutano ingekuwa moja: kubeba chaki kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya mwalimu, ikifuata utepe mweusi uliobandikwa sakafuni. Basi.

Jana yake Yusrah, binti asiyeachia swali mpaka lijibiwe, alimuuliza, "Mwalimu, Dogo atapitaje mbele ya wazee bila kuamkia?"

Regina alicheka. "Hicho ni chombo, Yusrah. Chombo hakina shikamoo."

Akatoka kwenda kupanga viti, akamwacha Yusrah na rafiki yake Joyce, binti wa wafugaji, wakitazamana. Laiti angegeuka nyuma akawaona.

Mkutano ulipofunguliwa, Yusrah alibonyeza kitufe. Dogo akaondoka mlangoni na chaki yake mgongoni, akaushika mstari kama ng'ombe anayejua zizi lake. Wazazi wakanyoosha shingo. Regina akaanza kupumua. Dogo alipofika kwa Mzee Tomasi, ambaye mguu wake ulikuwa umelala juu ya utepe, akasimama tuli.

"Imeharibika," mtu mmoja akasema kule nyuma.

Regina aliiona Mikumi ikimchekea. Akapiga hatua kwenda kumnyanyua Dogo, jasho likimtoka, lakini Yusrah akamshika sketi.

"Usimguse, mwalimu. Anaamkia."

Na kweli. Dogo akalia pii, kisha kile kipande cha mbele, ambacho watoto walikuwa wamekichorea macho, kikainama taratibu mpaka karibu na kiatu cha mzee. Kikabaki hapo hapo.

"Marahaba," Mzee Tomasi akasema, maana shikamoo ni shikamoo, huiachi ikining'inia hewani. Dogo hakusogea. "Nimesema marahaba."

"Hasikii, babu," Joyce akasema kwa upole. "Mguse kichwani. Kwetu mtoto akiamkia anainamisha kichwa, mzee anamgusa. Tumemwekea kitufe pale."

Kila mtu mle ndani alijua "kwetu" ni kwa nani. Mzee Tomasi alimtazama yule binti, halafu akainama, magoti yakilalamika, akagusa. Dogo akainua kichwa. Lakini mguu ulikuwa bado juu ya mstari, na Dogo, ambaye hana habari kama mzee ni yule yule, akaamkia upya. Akaguswa. Akaamkia tena.

Kicheko kilianzia kwa akina mama. Baba yake Joyce, aliyesimama dirishani na fimbo yake, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mzee wangu, toa mguu," akasema, "la sivyo mtaamkiana mpaka jioni."

"Mwanao kanifunga," Mzee Tomasi akamjibu, naye anacheka, akautoa mguu.

Haikusaidia sana, kwa sababu sasa kila mzazi aliyekaa kando ya utepe alitaka kuamkiwa, akaweka mguu juu ya mstari. Chaki ilichelewa mno kufika. Regina aliisubiri mezani kwa furaha, na aibu kidogo pia, maana nusura amnyanyue Dogo katikati ya salamu. Watoto walikuwa wamejifunza zaidi ya alichowafundisha.

"Mwenyekiti, na lile suala la Mikumi?" mzazi mmoja akauliza.

Mzee Tomasi akasafisha koo. "Mikumi watafute mtoto wao. Huyu ameshaniamkia. Mtu akishakuamkia unamfukuzaje?"

Makofi yakalia. Akageukia mambo mazito, paa la darasa na mabati yaliyotoboka, na wote wakakaa kumsikiliza. Regina peke yake ndiye aliyeona kwamba Dogo alikuwa amegeuzwa, anarudi mlangoni, na kwamba mwenyekiti, akiendelea kuzungumzia mabati kwa sauti ya ukali, alikuwa anausogeza mguu wake polepole kuurudisha juu ya mstari.